Miaka 11 Nikifundisha Kahuzi Bila Kufika

Swali lilitoka benchi la nyuma, wanakokaa wale ambao ukiwauliza mto mrefu kuliko yote watakujibu Ruzizi kwa sababu ndio wanaouona. Nilikuwa nimeshamaliza kuandika ubaoni: mlima Kahuzi mita 3,308, mlima Biega mita 2,790, volkano mbili zilizozimika, mbuga ya taifa tangu 1970, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1980, kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Darasa la sita lilikuwa linanakili kimya. Mtoto akanyoosha kidole.

“Mwalimu, weye umeshafika kule?”

Nilimwambia muda umekwisha, tutaendelea kesho. Kengele ilikuwa bado dakika kumi.

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimekulia mtaa wa Kadutu. Kutoka hapa hadi Tshivanga, pale penye lango na ofisi kuu ya mbuga ya Kahuzi-Biega, ni kilomita kama 30. Siku anga likiwa safi mlima wenyewe unauona kutoka mjini. Lakini mwulize mtu wa hapa lini alikwenda kuangalia sokwe wakubwa, yaani gorila, atacheka. Kwetu kulipa pesa uende kutazama nyama ya porini, ndivyo tunavyoita mnyama, ni kazi ya wazungu, na kwa mshahara wa mwalimu hata huo mzaha ni ghali. Wenyeji wanalipa kidogo kuliko wageni, ni kweli, ila kidogo ya nani?

Aliyenipeleka ni mgeni. Yaani si mgeni, ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, lakini amekaa Ubelgiji miaka mingi hata anakunywa maji ya chupa nyumbani kwa mama yake mzazi. Julai 2018 alikuja likizo akasema, “Dada, safari hii lazima twende Kahuzi. Minalipa miye.” Sikumwacha arudie.

Tuliondoka alfajiri, kiangazi kikali, vumbi limelala kwa ajili ya baridi ya usiku. Kaka alikuwa anapiga chafya tangu Mudaka. Alisema ni vumbi. Tulipofika Miti tukaacha njia inayoelekea uwanja wa ndege wa Kavumu, tukapanda kushoto, njia ile ile ambayo ukiifuata bila kuchoka inakata msitu na kwenda Walikale hadi Kisangani. Mashamba ya chai pande zote. Na wanawake wanashuka.

Hao nawajua tangu utotoni, kila mtu wa Bukavu anawajua: gunia la makala, yaani mkaa, mgongoni, kamba imepita kipajini, shingo imesimama kama nguzo, macho chini. Lakini nilikuwa nawajua wakiwa wamefika. Sikuwahi kuwaona wakitoka. Nilianza kuwahesabu kama ninavyohesabu watoto asubuhi, nikafika 14, nikaacha. Kaka alitoa simu kwenye dirisha apige picha. Mmoja wao akamwambia bila kusimama, “Papa, picha ni pesa.” Akairudisha simu mfukoni.

Tshivanga ni baridi. Watu wa Bukavu tunajidai kuvumilia baridi, lakini ile ni nyingine, inaingia kwenye mikono ya sweta. Kabla ya kuingia msituni walitukalisha na kutuonyesha mafuvu ya tembo na ya sokwe, na mwongozaji akaeleza bila kupamba. Sokwe wa hapa ni wale wa nyanda za chini za mashariki, wenye jina la Grauer, Mwaustria. Hawapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kongo. Wanafunzi wangu huwachanganya na wale wa Virunga juu ya Goma, ambao ni wa milimani na Rwanda na Uganda wanao pia. Hawa wetu ni wakubwa zaidi, dume akikomaa anaweza kupita kilo 200. Miaka ya tisini walikadiriwa kuwa kama 17,000. Mwaka 2016 watafiti wakasema wamebaki 3,800. (Baadaye, mwaka 2021, walihesabu kwa njia bora zaidi wakapata 6,800. Niliibadilisha namba ubaoni kwa furaha, hadi mtoto akaniuliza wale wengine walizaliwa lini.) Katikati ya namba hizo kuna vita, kuna wachimbaji wa madini ya koltani waliokula chochote kilichopita mbele yao, kuna mitego. Tembo wa upande huu wa juu walikwisha karibu wote.

Kisha akasoma masharti. Mita saba usikaribie. Saa moja tu. Barakoa mdomoni na puani. Na mgonjwa haingii.

Kaka akapiga chafya.

Nilimwangalia mwongozaji, kijana mpole wa kunitosha kuwa mdogo wangu, nikaona uso wake umefungwa. “Papa, weye utabakia.” Kaka akaeleza vumbi. Akaeleza ndege, akaeleza miaka aliyokaa bila kurudi nyumbani, akaeleza na pesa aliyolipa. Kijana alisikiliza yote. Halafu akasema, “Mafua yako weye ni siku tatu, unapona. Wao wako karibu sana na sisi, inabaingia mbio, na kule hakuna hospitali.” Mambo ya tiketi waliyamaliza wenyewe, sikuuliza. Ila nakiri kwamba nilijisikia vibaya kwa dakika moja tu, kwa kuwa ya pili nilikuwa nimeshavaa barakoa.

Tulitembea saa mbili na nusu. Nilikuwa nimevaa viatu vya michezo vya mwanangu wa kwanza, kosa la kwanza. Suruali ya kitambaa chepesi, kosa la pili. Msitu nilioufundisha ulikuwa miti mirefu iliyopangwa kama kwenye kitabu. Huu hauna mpangilio. Unakanyaga kitu laini, mguu unazama hadi gotini, kumbe hukuwa juu ya ardhi bali juu ya matawi na majani yaliyosukana. Mianzi imelala hovyo. Mwongozaji alitangulia na panga, anakata kidogo sana, kama mtu anayeogopa kuharibu. Nilimwuliza juu ya mianzi, nikajibiwa kwamba machipukizi yake huja na mvua, kuanzia Septemba, na hapo sokwe wanashuka kwa wingi kuyala, ni sikukuu. Sasa kiangazi wanakula majani, magome na moyo wa mimea.

Halafu siafu. Hiyo siwezi kuiandika kwa heshima. Nilisimama mahali pasipofaa, na baada ya muda mfupi nikasahau kwamba mimi ni mwalimu, mama wa watoto watatu na mwimbaji wa kwaya. Wanaume waligeuka nyuma wenyewe, bila kuambiwa. Nafikiri wamezoea.

Mapistere, wale wanaofuata nyayo, walikuwa wametangulia tangu alfajiri hadi mahali familia ilipolala jana. Tulipita hapo. Kila sokwe anajitengenezea kitanda chake cha majani kila jioni, kipya, hata kama cha jana kiko hatua kumi; mtoto mchanga tu ndiye anayelala na mama yake. Kwa hiyo pistere akihesabu vitanda anajua waliolala ni wangapi, na akiangalia mavi yaliyomo anajua ukubwa wa kila mmoja na kama tumbo lake liko salama. Nilifurahi sana. Ndivyo ninavyofanya miye mvua ikinyesha: nahesabu madawati.

Mwongozaji akasimama. Akatoa sauti kooni, nzito, ya kukwaruza, kama mzee anayesafisha koo nje ya nyumba ili waliomo wajue anakuja. Kichakani mbele yetu sauti ile ile ikajibu.

“Ule njo mukubwa wa famia,” akaninong’oneza. “Bonané.”

Bonané, kwa sababu alizaliwa tarehe 1 Januari, siku ambayo Bukavu nzima inapigiana kelele “Bonané!” mlango kwa mlango na watoto wanadai zawadi. Nilitaka kucheka chini ya barakoa. Kisha majani yakaachana, nikaacha kutaka.

Sitajaribu kueleza ukubwa. Alikuwa amekaa, mgongo wake wenye rangi ya majivu umetugeukia nusu, anakula. Nilichokiona kwa muda mrefu kuliko vyote ni mikono. Alishika bua la mmea, akaliweka kwenye jino la pembeni, akavuta ganda likatoka refu, safi, hadi mwisho, akalitupa ubavuni, akauma sehemu nyeupe ya ndani. Bua lingine. Jino la pembeni, vuta, tupa. Hivyo hivyo ndivyo sisi tunavyomenya muwa barabarani. Kucha zake zilikuwa nyeusi, zimepasuka pasuka, za fundi wa magari. Harufu yake ilitufikia kabla ya upepo kugeuka: jasho chachu, na kitu kama moshi wa zamani.

Mtoto mmoja alishuka kwenye mti vibaya, akaanguka juu ya mama yake, mama hakutikisika. Mapistere wanawatambua wote kwa pua, mikunjo ya pua, kila mmoja na yake. Mwongozaji alininong’oneza habari za dume mwingine, Mugaruka, aliyepoteza kiganja kwenye mtego. Mtego haukuwekwa kwa ajili yake, uliwekwa kwa ajili ya paa. Kamba haiulizi.

Na hapo nikafanya upumbavu. Nilitaka kumwona mtoto vizuri, nikasogea hatua moja, labda mbili. Bonané hakusimama hata kwanza. Nilisikia ngurumo, nikaona majani yote yanakuja, na mkono wa mwongozaji ukanishika bega ukanishusha chini. “Inama. Usikimbie. Usimuangalie mu macho.” Nilitazama viatu vya mwanangu. Vilikuwa na tope na siafu mmoja mkaidi. Ngurumo ilisimama mahali fulani mbele ya kichwa changu, ikapumua, ikarudi. Nilipoinua macho alikuwa amekaa tena na bua lake, amenipa mgongo wote, kama mkuu wa shule aliyemaliza kesi.

Saa ilikwisha. Njia ya kurudi siikumbuki.

Kaka nilimkuta Tshivanga kwenye gogo, amejifunika koti, anaongea na muzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu. Nilitegemea nimkute amenuna. Hata hakuniuliza nimeona nini. “Dada, kaa. Sikiliza huyu muzee.”

Alikuwa Mutwa, mmoja wa Batwa, watu wa asili wa msitu ule. Mjini watu wanawaita Bambuti, na hawasemi kwa sauti nzuri. Nilimsalimia, “Jambo, muzee,” akaitika, “Jambo, mwanangu. Umetoka mu pori?” Nikasema ndiyo, nimeona Bonané na familia yake.

“Walikuwa wanakula nini?”

“Majani, muzee. Mabua.”

“Ya muti gani?”

Sikujua. Alisubiri kidogo, labda nilikuwa nimesahau tu. Halafu akaanza kuniuliza mmoja mmoja, kwa majina ya kwao: ulikuwa na miiba? Unatoa maziwa ukiukata? Uko kwenye maji au juu? Kwa kila swali nilijibu kwamba sikuangalia. Akahitimisha, si kwa ubaya, “Basi uliona nyama tu.”

Alizaliwa ndani ya msitu ule, upande ambao mapistere walikuwa wamepita asubuhi. Alikuwa kijana mdogo wakati walipoambiwa watoke. Hapo nikaona mwaka 1970 wa ubaoni kwangu ukigeuka kuwa asubuhi ya mtu: watu wenye bunduki, mama yake amebeba chungu, hakuna aliyewaambia waende wapi, wakakaa pembeni ya mashamba ya watu wakidhani ni kwa siku chache. Wazazi wake wawili wamezikwa nje. Babu zake wako ndani. Kulima walijifunzia kwenye mashamba ya wengine, kwa kibarua, kwa sababu ardhi yao wenyewe hawakupewa. Mwaka 1975 mbuga ikapanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hadi 6,000, na hiyo nayo nilikuwa naifundisha kama habari njema: naichora ramani yake, ile ya juu na ile ya bondeni zimeungwa na shingo nyembamba kama kibuyu, naweka mshale, natia rangi ya kijani. Ndani ya kijani sikuwahi kuweka mtu.

Na Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyeianzisha mbuga hii na kuwazoesha sokwe wa kwanza kuona watu, alionyeshwa njia na nani? Muzee alicheka hadi akakohoa. Batwa. Nani mwingine alijua walikolala?

Kaka, aliyekuwa amekaa na mafua yake asubuhi nzima, alimwuliza kama anachukia mbuga. Muzee alijibu kwamba bila mbuga pori lingekuwa limekwisha, analiona lilivyokwisha upande mwingine. Halafu akasema bila mbuga yeye angekuwa nyumbani. Hakuchagua kati ya hayo mawili, na sisi hatukuthubutu kumchagulia. Akanigeukia.

“Mwanangu, ku Bukavu unapikia nini?”

“Makala, muzee.”

“Inatokaka wapi?”

Nilijibu kama anavyojibu kila mama wa Kadutu: ni ya mikalitusi, ya mashamba. Akatikisa kichwa polepole, kwa adabu, kama ninavyofanya miye mtoto akisema mto mrefu ni Ruzizi.

Nafahamu makala. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba. Unachukua vipande viwili unagonga. Ya mikalitusi inatoa sauti ya kitu kikavu, nyepesi, na ukiiwasha inarusha cheche na kwisha kabla maharage hayajaiva. Ya miti ya porini inalia kama chuma, ni nzito, inakaa. Kila mama anagonga kabla ya kununua, na kila mama anataka ile inayolia. Tunaita makala ngumu. Nimeigonga miaka yote hiyo na sikuwahi kujiuliza ni mti gani unaolia.

Septemba shule ikafunguliwa. Somo la Kahuzi nililileta mapema, nikalianza bila namba. Nilichora kibuyu changu, nikaweka Tshivanga, Miti, Mudaka, Kadutu, na mstari wa wanawake wanaoshuka. Nikawapa kazi ya nyumbani: uliza nyumbani kwenu, makala tunayopikia yametoka wapi?

Keshokutwa yake baba mmoja alinisubiri nje ya darasa. Ana depo ya makala Kadutu. Kofia mkononi, sauti ya chini, kuonyesha kwamba amekasirika kweli.

“Mama Mwalimu, mutoto wangu amefika na kalamu, ananiuliza kama polisi.”

Nilimweleza kwamba ni jiografia.

“Sawa. Basi mumwambie na hii. Prime yako ya kila mwezi, mama, minaitoaka mu makala.”

Wakati huo shule ya msingi ilikuwa bado haijawa bure. Hiyo ilikuja mwaka uliofuata. Wazazi ndio waliotulipa hiyo prime, kila mwezi, noti zimekunjwa ndani ya bahasha iliyotumika. Za kwake zilikuwa daima na weusi pembeni. Nilikuwa nazifuta kwa kitambaa cha ubao kabla ya kuzitia mkobani. Sikupata neno la kumjibu, na yeye hakulingoja. Aliaga vizuri akaenda.

Oktoba ile ile tulisikia redioni kwamba familia za Batwa zimerudi kuishi ndani ya mbuga. Miezi iliyofuata ikawa mibaya, walinzi waliuawa na Batwa waliuawa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali yetu ilivunja haki za Batwa kwa kuwatoa kule. Kaka alinipigia simu kutoka Ubelgiji siku aliyosoma habari hiyo. Aliniuliza kama nimewahi kujua muzee alikwenda upande gani. Sijui hata jina lake. Tulikunywa naye chai na hatukuuliza.

Lakini niliacha habari ya depo njiani. Jumamosi baada ya baba yule kunijia, gunia langu lilikuwa limekwisha, nikaenda kwake. Ningeweza kwenda kwa mwingine. Alinipokea kwa heshima, akaita kijana anisogezee gunia, akalifungua mdomo. Nikachukua vipande viwili, nikagonga.

Vililia kama kengele.

“Ya mikalitusi, Mama Mwalimu,” akasema kabla sijauliza, anatazama barabarani.

Nyumbani maharage yalikuwa yamelowekwa tangu jana usiku. Nikalipa, nikamwambia kijana alifunge vizuri, njia ina mtelemko.